Mzee wa Jirani

Kwa miaka thelathini na sita Ba Jilali alikanda migongo ya nusu ya wanaume wa mji wa Meknes, lakini mkono wake mwenyewe ulipokufa hakupatikana wa kuukanda. Wageni walikuja, tusiwasingizie. Walileta koni za sukari, walileta ndizi na maziwa, wakakaa sebuleni wakamwambia, "Wallahi Ba Jilali, unang'aa kuliko sisi," wakanywa chai, wakaaga. Mkono wenyewe, wa kulia, ulikuwa umelazwa juu ya mto kama mwavuli uliosahauliwa na mgeni. Kila mtu aliuona na hakuna aliyeugusa.

"Utajikunja," alisema Wafaa, mtaalamu wa tiba ya viungo wa hospitali, msichana mwembamba aliyeongea kama anawahi basi. "Kiharusi kimeshapita, sasa kazi ni mkono. Usipochuliwa kila siku, asubuhi na jioni, taratibu, kuanzia vidoleni hadi begani, baada ya miezi mitatu utakuwa hivi." Akakunja kiganja chake kama mguu wa kuku. "Na ukishakuwa hivi haurudi. Nyumbani nani atamfanyia?"

Mama Zhor akanyoosha vidole vyake, vilivyovimba kwenye maungio kama tangawizi. "Mimi mwenyewe natafuta wa kunifungulia chupa ya mafuta, mwanangu."

Macho yote yakamgeukia Munir. Munir akaangalia simu yake. Haikuwa imelia.

Munir huyu, mtoto wao wa pekee, alikuwa na miaka ishirini na saba, kazi ya kaunta kwenye ofisi ya bima huko mji mpya, tai tatu, na mchumba aitwaye Siham. Alikuwa pia na jambo ambalo hakuwa amemweleza Siham wala baba yake Siham, Mwalimu Abdulhak, mkuu wa shule mstaafu: kwamba Ba Jilali alikuwa mkandaji wa hamamu, mtu wa kusugua na kukanda watu katika bafu la umma la mvuke. Walipomuuliza Munir baba yake anafanya kazi gani, alijibu, "Yuko kwenye mambo ya maji." Wao wakaelewa idara ya maji, ofisi, pengine na gari la serikali. Munir hakuwasahihisha. Alijiambia hajadanganya, kama ni maji, baba yake alikuwa ndani yake hadi magotini tangu kabla yeye hajazaliwa.

Aibu hii aliipata shuleni, siku mtoto mmoja aliposimama wakati wa mapumziko akatangaza, "Baba yake Munir jana kamsugua baba yangu matako!" Tangu hapo hakukanyaga tena hamamu. Alioga nyumbani kwa ndoo, na alipoanza kupokea mshahara akalipia ukumbi wa mazoezi kwa ajili ya bafu lake. Vyuma hakuvigusa hata kimoja.

Lakini mtu hawezi kuangalia simu milele. "Nitamfanyia mimi," alisema.

*

Jioni ya kwanza alikunja mikono ya shati, akamimina mafuta ya zeituni kiganjani, akaanza.

"Unafanya nini?" aliuliza Ba Jilali. Mdomo wake ulikuwa umepinda upande mmoja, na maneno yalitoka moja moja kama watu wanaopita mlango mwembamba.

"Nakuchua, Ba."

"Unang'arisha kiatu."

Munir akapunguza nguvu.

"Sasa unabembeleza paka. Acha. Weka mkono tu. Hapo. Usiusogeze."

"Halafu?"

"Halafu nyamaza."

Wakakaa. Mama Zhor alipita na sinia, akarudi bila sinia, akawakuta vile vile. Mkono wa mzee chini ya kiganja cha Munir ulikuwa mgumu kama mkate wa juzi.

"Mwili unauogopa mkono mgeni," Ba Jilali alisema hatimaye. "Unajikaza. Ukiulazimisha, unajikaza zaidi. Wewe subiri. Utausikia wenyewe ukilegea, ndipo uanze kutembea. Wengi hawajui hili. Wanavunja watu kama kuku wa kuchoma, halafu wanadai bakshishi."

Munir alisubiri, zaidi kwa kukosa la kusema kuliko kwa imani. Na kweli, baada ya muda kidogo, ile nyama ikashuka. Ilishuka kidogo sana, kama mtu anayetoa pumzi aliyoibana tangu asubuhi. Ba Jilali akafumba macho.

Wiki ya pili kidole cha mwisho kikafunguka. Wiki ya tatu vikawa viwili. Mzee aliyekuwa akiamka mara nne kwa maumivu ya bega akaanza kulala moja kwa moja hadi adhana, na Mama Zhor akasema hata rangi imemrudia usoni. Na Munir, jambo ambalo asingemwambia mtu hata kwa kuchapwa, alianza kuitamani ile saa. Ofisini watu walimletea hasira za magari yao yaliyogongwa. Nyumbani kulikuwa na mkono mmoja usiosema kitu, unaomwamini.

Ila kila mara kabla ya kuanza alifunga mlango. Kisha akafunga na pazia.

*

"Joto," alisema Wafaa alipokuja kumpima. "Mkono unakwenda vizuri, sasa uufanyie kwenye joto. Mna hamamu karibu?"

Ba Jilali akacheka kwa nusu ya mdomo hadi machozi yakamtoka. "Anatuuliza kama tuna hamamu!"

Hamamu aliyofanyia kazi ilikuwa nyuma ya nyumba tu, hatua mia moja. "Nipeleke kwangu," alimwambia mwanawe. "Wataniwekea maji ya kwanza, hawatatutoza hata senti."

"Pale kuna ngazi, Ba. Utateleza."

"Ngazi tatu."

"Zina utelezi."

"Nimezishuka miaka thelathini na sita."

"Kuna hamamu nyingine, ya Mrehani, kule sokoni kwa nafaka. Nasikia ni safi zaidi. Tutachukua teksi."

Ba Jilali alimtazama muda mrefu, kama anavyotazama mgongo kabla hajaugusa. "Haya," alisema. "Safi zaidi."

Wakaenda Ijumaa asubuhi, Munir akiwa ameomba ruhusa kazini kwa kisingizio cha meno. Mlangoni pa Mrehani aliketi mtu mwenye masharubu, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye chupa ya mafuta na glavu ya kusugulia.

"Wakandaji wa nje hawaruhusiwi hapa. Tunao wetu."

"Mimi si mkandaji."

"Na hivyo vyombo?"

"Ni vya huyu mzee."

Mwenye masharubu akamtazama Ba Jilali na fimbo yake, akamtazama Munir na viatu vyake vya ofisini. "Haya. Dirhamu thelathini wote wawili. Lakini nikikuta umechukua mteja, nakutoa na sabuni yako kichwani."

Chumba cha joto kilijaa mvuke. Munir alimkalisha baba yake juu ya vigae karibu na ukuta, akajaza ndoo mbili, akampaka sabuni nyeusi, akaweka kiganja juu ya ule mkono, akasubiri. Joto lilikuwa limeshafanya nusu ya kazi. Mkono ulilegea mara moja, na kidole cha tatu, ambacho kilikuwa hakijawahi kusogea, kikanyooka mbele ya macho yao. Ba Jilali akakitazama kama anayetazama mjukuu.

"Oyaa, kijana!" aliita mtu mmoja mnene aliyejilaza kando kama gunia la ngano. "Ukimaliza na huyo Haji, njoo kwangu."

"Mimi si mkandaji."

"Basi nani, daktari?" Watu wakacheka. "Daktari, nisaidie na mimi, nina ugonjwa wa mke!"

Ba Jilali naye akacheka. Munir masikio yalimwaka, akashukuru kwamba mle ndani kila mtu ni mwekundu.

"Munir?" ilisema sauti kutoka ndani ya mvuke. "Si ni Munir wetu huyu?"

Alikuwa Mwalimu Abdulhak. Hakuwa na suti wala miwani, na ukuu wa shule aliuacha kwenye kabati la nguo. Alivaa kaptura ya mistari na kushika ndoo, akafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini. "Bafu la nyumbani linaosha ngozi tu," alieleza, "mifupa inabaki na baridi yake. Hili bega langu, mwanangu, hili bega! Kila Ijumaa niko hapa." Kisha akainama kidogo, akakaza macho yake yasiyo na miwani. "Na huyu mzee? Ni baba?"

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Lilihitaji neno moja, na neno hilo Munir alilijua tangu ana mwaka mmoja. Lakini alimwona baba yake kwa macho ya Mwalimu: mdomo uliopinda, kaptura iliyopauka, magoti meusi kwa kupigwa vigaeni, na vile alivyokaa katikati ya ndoo zake kama watu wa kazi ile wanavyokaa.

"Hapana, Mwalimu. Ni mzee wa jirani." Na kwa kuwa uongo ukishatoka nje unahisi baridi, akauvisha na koti: "Watoto wake wako mbali. Namsaidia tu, kwa ajili ya Mungu."

"Mnasikia?" Mwalimu aligeuka, akawahutubia watu wote kama yuko mstarini na wanafunzi. "Kijana wa ofisini! Msomi! Anakuja kumwosha jirani yake kwa mikono yake! Na nyie mnasema vijana wameharibika!" Akachuchumaa mbele ya Ba Jilali. "Mzee wangu, Mungu kakupa jirani."

Ba Jilali alikuwa anatazama maji ya ndoo. Alichukua muda kuyapanga maneno yake.

"Mungu awarehemu wazazi wake," alisema.

Ni maneno ya kawaida. Unamwambia hata mtu aliyekusogezea sabuni.

"Amina," alisema Mwalimu kwa sauti nene. Kisha, kama watu wanavyoombana mle ndani, akamgeuzia Munir mgongo. "Basi na mimi, hili bega, kidogo tu."

Mtu akikuomba mgongo hamamuni humnyimi, hata kama mna kesi mahakamani. Munir akamfuata upande wa pili wa chumba. Akaweka kiganja, akasubiri, bega likalegea, akaanza kutembea.

"Mashallah! Nani alikufundisha haya?"

"Nimesoma soma tu, Mwalimu."

Na wakati anasema hivyo alikuwa anamwona baba yake ng'ambo ya mvuke, mabega yamejaa sabuni inayokauka, akijaribu kuinua kopo la maji kwa mkono wa kushoto ajisuuze. Maji yakamwagika kabla hayajafika. Akajaribu tena, yakamwagika tena. Yule mnene ndiye aliyejikokota akainuka, akachukua kopo, akammwagia.

"Mungu awarehemu wazazi wako," Ba Jilali alimwambia.

*

Ndani ya teksi Munir alikohoa mara mbili. "Ba, ile kule ndani…"

"Usimsumbue dereva."

"Ba, nilitaka tu…"

"Ile dua nilijiombea mwenyewe," alisema Ba Jilali, uso dirishani. "Wazazi wako nani, kama si mimi na mama yako? Nimepata na amina ya mwalimu mzima. Bure." Akacheka kwa nusu yake ya mdomo, dereva naye akacheka bila kujua anacheka nini. Munir angeona nafuu kama angepigwa kofi.

Nyumbani Mama Zhor alikuwa anawasubiri na supu. "Mmeogaje?"

"Vizuri sana," alisema Ba Jilali. "Kijana mmoja alinisaidia."

Mama Zhor akadhani ni mzaha, akamgonga mwanawe bega kwa mwiko. "Kijana mmoja! Msikie!"

Jioni Munir alifunga mlango, akafunga pazia, akaweka kiganja chake juu ya mkono. Akasubiri. Mzee alimwuliza habari za kazini, akamtania kuhusu tai, akasema chakula kilikuwa kitamu. Mkono haukulegea. Munir alisubiri hadi mguu wake ukafa ganzi.

"Ahsante, inatosha," Ba Jilali alisema kwa upole. "Umechoka."

Tangu lini Ba Jilali akamwambia mwanawe ahsante? Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Hakumwambia tena kwamba anang'arisha kiatu. Hakumkosoa kwa lolote. Alimshukuru kila mara kama unavyomshukuru mtu aliyekupisha kwenye foleni, na chini ya kiganja cha Munir ule mkono ulibaki mkavu na mgumu. Mdomo wa mzee ulikuwa umesamehe. Mkono haukuwa na adabu za mdomo.

Siku ya nne kidole cha tatu kikarudi kujikunja. Siku ya tano, cha pili.

"Mmeacha?" aliuliza Wafaa, akivigeuza vidole kwa wasiwasi.

"Hatujaacha."

"Unatumia nguvu?"

"Hapana."

"Kuna jambo limemuumiza moyo? Watu wa kiharusi wakipata uchungu misuli inajifunga. Na siku zetu zinakwenda, jamani, hatuna nyingi."

Mama Zhor akamtazama mumewe, kisha mwanawe, na Munir akauona ule mzaha wa "kijana mmoja" ukigeuka polepole kuwa swali usoni mwa mama yake.

"Ni baridi," alisema Ba Jilali.

"Mwezi wa Mei?" aliuliza Wafaa.

*

Mchana huo Siham alimpigia simu ofisini, sauti imejaa kicheko. "Umemfanya nini baba yangu? Kamwambia imamu, kamwambia muuza samaki. Jana anamsimulia mama, katikati akalia. Baba! Analia! Kisa umemwosha mzee wa watu."

"Anakuza mambo."

"Anasema Jumapili wazazi wako wakija kuleta posa, kabla ya yote anataka kusimama amshukuru baba yako mbele ya watu kwa malezi. Ameshaandika na hotuba. Jiandae, hotuba zake hazina breki." Kisha, taratibu zaidi: "Mimi mwenyewe nimejivunia, Munir. Kweli."

Munir alikata simu akabaki anamtazama mteja aliyekuwa mbele yake, mtu aliyegongwa taa ya nyuma, akamwambia mara tatu ajaze fomu ambayo ilikuwa imeshajazwa.

Aliporudi nyumbani alimkuta baba yake peke yake sebuleni. Hakujua aanzie wapi, lakini Ba Jilali alikuwa ameshaanza.

"Nimefikiria Jumapili," alisema. "Mchukue ami yako Benaisa. Ana suti, ana mdomo ulionyooka, na anajua kusema na wakubwa. Mimi nitasema naumwa. Wala hautakuwa uongo."

Na kitu alichokuja kukionea aibu kuliko ule uongo wenyewe, hata kuliko kopo la maji, ni hiki: kwamba kwa muda wa kufunga vifungo viwili vya shati, alilipima lile wazo. Alimwona ami Benaisa katika suti yake ya kijivu akimpa Mwalimu mkono. Picha hiyo ilimpendeza.

Kisha akamwona baba yake akimtazama anavyolipima.

"Atafaa," Ba Jilali alisema kwa wema. "Utaona."

Munir akaingia chumbani kwake, akakaa kitandani na viatu. Mama Zhor alikuja akasimama mlangoni bila kuingia. Hakupaza sauti. "Nimemwuliza, hakuniambia kitu," alisema. "Wewe pia usiniambie. Nikijua nitakuchukia, na mimi sina mwingine." Akaondoka. Vidole vyake vilivyovimba vilikuwa vimeshika kitambaa cha meza, vimekikunja.

Asubuhi yake ilikuwa Ijumaa. Munir alimkuta mzee anakunywa chai, akamshikia fimbo.

"Twende hamamu, Ba."

"Ile safi zaidi?"

"Ile ile."

"Ijumaa kuna watu."

"Najua kuna watu."

*

Mwalimu Abdulhak alikuwepo, na hakuja peke yake. Alikuwa na wenzake wawili wa rika lake, weupe kama jibini, na aliwaona Munir na mzee wakiingia kabla hata mvuke haujafunga nyuma yao.

"Huyu hapa!" aliita. "Ndiye niliyewaambia! Na mzee wake wa jirani, mnamwona? Wiki kwa wiki!" Akamvuta mwenzake mmoja mbele. "Munir, mwanangu, huyu kiuno kimemshinda. Nimemwambia una mikono ya dawa."

Munir alikuwa ameandaa maneno tangu alfajiri, yenye utangulizi na radhi na sababu. Alimkalisha baba yake kwanza. Aliposimama wima, utangulizi wote ulikuwa umekwisha kuyeyuka.

"Mwalimu, huyu si jirani."

"Eh?"

"Ni baba yangu. Jilali. Ni mkandaji wa hamamu. Ile ya bega nilifundishwa na yeye, sikusoma popote." Sauti ilimkatika kama ya mvulana anayebalehe. "Mambo ya maji ndiyo haya."

Hamamu haifichi kitu. Ukinong'ona, kuba la paa linalipokea neno lako na kumgawia kila mtu. Ndoo zikaacha kugongana. Yule mnene, ambaye alikuwa mahali pake pale pale kama aliyezaliwa hapo, akajiinua kwa kiwiko.

Mwalimu alipandisha kidole kusukuma miwani ambayo hakuwa nayo. "Na wiki iliyopita?"

"Wiki iliyopita pia alikuwa baba yangu."

"Nimemwambia imamu," Mwalimu alisema polepole. "Nimelia mbele ya mke wangu." Uso wake ulikuwa umevimba kwa fedheha, na Munir akatambua kwamba aibu yake mwenyewe amemvika na mtu wa watu. Mwalimu akampita kama anapita nguzo, akachuchumaa mbele ya Ba Jilali. "Mzee, ulimsikia akisema hivyo. Ukanyamaza."

"Ni mwanangu, Mwalimu," alisema Ba Jilali, neno moja moja. "Nimuumbue mbele za watu?"

Mwalimu akauchukua mkono wa kushoto wa mzee, akaubusu, akasimama.

"Jumapili hamtakuja kwetu," alimwambia Munir bila kumtazama. "Nitakuja mimi kwenu, kumwamkia baba yako. Hayo ya binti yangu atayasema mwenyewe. Nitamweleza yote kama yalivyo, na sitakusaidia kwa neno hata moja."

Akabeba ndoo yake hadi ukuta wa mbali, akakaa amewapa mgongo. Wenzake wakamfuata, yule wa kiuno akiwa na kiuno chake vile vile.

Munir akajikuta amekaa chini. Hakuweza kuinua kichwa. Alitazama maji ya sabuni yakitafuta njia kati ya vigae.

"Umeharibu posa," alisema Ba Jilali.

"Ndiyo, Ba."

"Na mama yako kashapiga pasi kanzu zote."

"Ndiyo, Ba."

"Lala."

"Nini?"

"Lala chini, kifudifudi. Umekuja kuoga au umekuja kuhutubia?"

Munir akalala. Vigae vilikuwa vya moto kifuani. Akasikia baba yake anavuta glavu kwa meno, anaivaa mkono wa kushoto, anajisogeza kwa shida, anahema. Mara ya mwisho kulala chini ya mkono ule alikuwa na miaka tisa. Glavu ikaanzia shingoni, ikashuka, si kwa nguvu, na nongo zikaanza kutoka nyuzi nyuzi, za kijivu, nyingi, aibu tupu. Ili asianguke, Ba Jilali aliulaza ule mkono mwingine, wa kulia, juu ya mgongo wa mwanawe na kuuegemea. Ngumi yake bado ilikuwa imefumbwa. Lakini ulikuwa mzito na wa moto, na ulikaa.

"Haji!" aliita yule mnene. "Leo mgonjwa ndiye anaosha? Na huyo nani tena, jirani?"

Kicheko kikapiga kwenye kuba kikarudi. Munir akafumba macho.

Ba Jilali aliacha kusugua. Alivuta pumzi, akayapanga maneno, akayatoa kwa sauti kubwa kadiri mdomo ulivyomruhusu, hata wa ukuta wa mbali wasikie.

"Huyu ni mwanangu. Na uchafu wake huu wote. Wangu."

Glavu ikaendelea na safari yake, bega, mbavu, kiuno. Kisha Ba Jilali akapiga vigae kwa kiganja mara mbili, kama wafanyavyo wakandaji mgongo ukiisha.

"Geuka."

Munir hakusogea. Uso wake haukuwa wa kuonyeshwa mtu.

"Geuka, tumalize."

"Subiri kidogo, Ba."

Ba Jilali akasubiri. Hakumharakisha. Watu walijaza ndoo, wakamwaga, wakajaza.

Munir akageuka.